Mkia wa Usipa

Ametoka kiwete tena.
Kichwa kipo, tumbo lipo,
mkia umeishia njiani
kama hadithi ya mlevi,
na magamba niliyoyahesabu kwa ncha ya sindano
yamekuwa laini kama sabuni ya juzi.
Wa kumi na moja huyu.
Nimemtupa kwenye kopo la misumari,
akalale na wenzake.

Usipa mwenyewe, yule wa nyama na mifupa,
aliletwa na shemeji Anyosisye kutoka Matema
katika fungu moja lililofungwa jani la mgomba.
Nilimlaza juu ya plasta mbichi,
nikambana kwa dole gumba
mpaka plasta ikamkariri:
jicho, shavu, mstari wa ubavuni,
hata pezi la mgongo lililomeguka kidogo,
sijui na nani, sijui lini,
huko ziwani kabla ya wavu.

Plastiki natoa kwenye yeboyebo za Lusubilo
zilizomkataa mguu tangu Pasaka.
Nazikata vipande, nazipika nyuma ya banda la baiskeli,
nami nasimama upande upepo unakotokea,
maana moshi wake hauna adabu kifuani.

Nikadhani kosa ni moto.
Nikaongeza mkaa.
Plastiki ikatoa mapovu, ikawa nyeusi,
na samaki akatoka na ndui, bado hana mkia.

Ndipo Subilaga akaja kudai sufuria lake.
“La maziwa? Unapikia viatu?”
Akainama, akaigusa kalibu kwa mgongo wa mkono
kama anayepima homa ya mtoto.
“Baridi hii. Uji unaupasha, bakuli hulipashi.
Kitumbua changu kikikuta chuma kimepoa
kinaganda pale pale kilipoangukia.
Na hapa ni Tukuyu, baba, mwezi wa saba.”
Akachukua sufuria, akalinusa, akanirudishia.
“Hili sasa ni lako.”

Tukuyu, mwezi wa saba:
ukungu unaingia bandani bila hodi
na kukaa kwenye benchi la wateja.
Sikuwa nimeuhesabu.

Nikaiweka kalibu kando ya jiko, si juu yake,
polepole, ikatoa jasho, ikakauka,
ikawa na joto la yai lililotoka kutagwa.
Nikachukua njiti ya gurudumu,
nikatoboa mwisho kabisa wa mkia
kijitundu cha kupitisha pumzi,
kwa kuwa hewa ikikosa mlango wa nyuma
haimpishi mgeni.
Nikamimina upande mmoja tu,
uzi mwembamba usiokatika, kama asali,
huku nikiigonga kalibu kwa spana namba kumi,
ko, ko, ko,
kumwamsha aliyelala pembeni.
Kwenye njiti ikachungulia nukta ya bluu.

Kisha kungoja.
Mteja akaja na pancha; nikaziba.
Akaja mwingine, mnyororo; nikapaka grisi.
Mikono ilitaka kufungua. Nikaikatalia.

Nilipofungua, sikupiga kelele.
Mkia ulikuwa mwembamba hata mwanga ulipita,
mishipa yake kama nywele za mchanga.
Magamba yote. Jicho na ukingo wake.
Na tumboni, kitu ambacho sikukikusudia:
mistari ya dole gumba langu,
mizunguko yote, na kovu la kisu cha matairi.

Mbasa watapanda Lufilyo mvua zikikolea.
Kama watamtaka chambo huyu wa kiatu, sijui;
mbasa hajaniambia kitu.

Jumapili Anyosisye alimshika kiganjani,
yeye mtu wa nyavu, mtu wa kucheka ndoano.
Akamgeuza. Akamsogeza dirishani.
Kidole chake kikasimama kwenye pezi lililomeguka.
“Huyu namjua,” akasema.
“Huyu alikuwa kwenye fungu langu.”
Nikamwambia ndiyo.
“Mlimla?”
“Wengine tuliwala na ndizi.
Huyo alimla paka.”