Kielelezo Namba Saba

Nimeitunza miaka kumi na mmoja, bahasha hii ya kaki,
stoo ya mahakama, Malindi, rafu ya tatu kutoka chini,
kati ya redio isiyo na betri na panga la kesi ya mbuzi.
Ndani mna kotama.
Kisu cha mgema, kimepinda kama mwezi mwandamo,
na karibu na mpini, doa lisilozidi punje ya mbaazi.

Doa la nani?

Ngowa alisema: langu, nilijikata gumba
nikiwa juu ya mnazi, tazameni kovu.
Koplo alisema: la marehemu Bi Nyevu.
Lingeweza kuwa la kuku.
Hakuna aliyetaka habari za kuku.

Mkemia yuko Mombasa, mwendo wa saa mbili na ushee.
Gari la kituo halikuwa na mafuta wiki ile,
wiki iliyofuata koplo alikwenda likizo,
ya tatu bahasha ikapigwa lakiri, ikaletwa kwangu,
nami nikaipa namba.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Huyu hakusifiwa na mtu.
Na damu, tunaambiwa, ni nzito kuliko maji;
nzito kiasi gani, haikupimwa.

Jirani aliapa kwamba alimwona kwa mbalamwezi
akitoka uani kwa marehemu, saa saba usiku.
Kalamu zote zikaandika: mbalamwezi.
Kalenda ya msikiti i nyuma ya mlango wangu,
ya mwaka ule sijaitoa:
usiku wa mwezi ishirini na tisa, mfunguo sita.
Mbalamwezi gani, ishirini na tisa?
Nililijua hilo siku ileile. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi.
Nikainywa.

Kadzo, mkewe, alikuwa akija kutoka Kakuyuni
kila mwisho wa mwezi, leso imelowa jasho.
"Kile kisu kimesemaje?"
kana kwamba ni mgonjwa aliyelazwa.
Mama, kisu hakijaulizwa.
Mwaka wa sita akaacha kuja.

Juzi imefika barua ya rufaa, mihuri miwili:
kielelezo namba saba kipelekwe kupimwa upesi.
"Upesi" imepigiwa mstari.
Nikaivuta bahasha, nikabaki na nusu mkononi.
Mchwa.
Wao ndio wa kwanza kupita lakiri,
wa kwanza kuchunguza, na ripoti hawakuandika.
Mpini wameumaliza. Chuma kimebaki,
na hewa ya chumvi imekifanyia yake:
kutu na damu, rangi moja.

Daftari langu lina safu tano.
Ya mwisho: matokeo.
Mbele ya saba nilitia kistari, zamani hizo,
ukurasa usionekane mtupu wakija wakaguzi.
Kistari kifupi, wino wa bluu,
kama kile kinachounganisha maneno mawili.
Ngowa-muuaji.

Leo asubuhi nimejaza fomu ya kuomba kifutio.