Penseli ya Ukurasa wa Sitini na Moja

Lifti za Tbilisi humeza sarafu.
Miaka ishirini na tisa nimezitoa kooni mwao
kwa bisibisi, kwa grisi, kwa tusi la taratibu.
Hii mpya ya Gldani haina koo.
Ina kisanduku, na ndani ya kisanduku, maneno.
"Mzee Nodar," fundi kijana akaniambia,
"siku hizi lifti hazipakwi mafuta. Zinaandikwa."

Binti yangu Tamuna, aliyeko Leipzig,
akanitumia video za saa arobaini na mbili:
kijana mwenye meno mazuri
anaongea bila kumeza mate.
Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Nikapitiwa na usingizi, yeye hana habari.

Jumamosi nikaenda gulioni, Daraja Kavu,
kule nishani za vita huuzwa kando ya vijiko.
Eteri alikuwa na vitabu vitatu vya lugha hiyo
ndani ya beseni la kufulia.

Cha kwanza, kurasa elfu moja na mia:
cha kuzuilia mlango siku ya upepo.
Cha pili kiliahidi siku kumi.
Aliyeezeka paa langu naye alisema siku kumi.
Cha tatu jalada limebanduka, toleo la zamani.
"Lugha yenyewe imeshabadili nguo mara mbili tangu hapo,"
alisema Eteri, ambaye ukweli humtia hasara.
Lakini pembeni mwa kurasa palikuwa na penseli.

Mtu nisiyemjua alipita humu kabla yangu.
Ukurasa wa tisa: *Kwa nini?*
Wa ishirini: *Aha.*
Wa thelathini na nne, juu ya doa la chai:
*Mwandishi huyu hajawahi kuwa mjinga,
ndiyo maana hajui kueleza.*
Nikacheka peke yangu pale darajani.
Nikalipa lari nne, sikuomba kupunguziwa.

Kipupwe chote tulisoma wawili.
Aliponung'unika, nilinung'unika.
Alipopiga mstari, nilisimama
kama mtu aliyeshikwa kiwiko gizani.

Kisha ukurasa wa sitini na moja:
amri inayojiita yenyewe,
na ndani ya kuitwa huko inajiita tena,
na tena.
Penseli imeandika neno moja: *Kesho.*

Kuanzia hapo, weupe mpaka jalada la nyuma.

Nilikaa na hiyo kesho yake wiki tatu.
Nilimfikiria: kazi? mtoto? msiba?
au alichoka tu, kama mimi, saa saba za usiku,
akazima taa?

Halafu nikachonga penseli yangu.
Ukurasa wa sitini na mbili, kwa mkono unaonuka grisi:
*Inashuka hadi ghorofa ambako haina swali tena,
ndipo inapanda, na kila ghorofa inakabidhi jibu.
Usiende.*

Nikimaliza nitakirudisha kwenye beseni la Eteri.

Lifti ya Gldani bado imekwama ghorofa ya saba.
Napanda kwa ngazi, kitabu kwapani.