Kiwiko

Kipupwe kimeondoka Nkuhungu bila kuaga,
kimeniachia midomo iliyopasuka
na Corolla ya baba yenye rangi ya uji.
Ilikuwa buluu. Kadi yake bado inasema buluu.
Miezi mitatu upepo uliisugua kwa mchanga
kama mtu anayesugua sufuria akiwa na neno moyoni,
na mtoto wa jirani, Mbeho,
akaandika kwa kidole juu ya buti:
NIOGESHE.

Nikaiogesha.
Saa saba mchana, jua la utosi,
sabuni ya unga, dekio la sakafu. Msinicheke.
Maji yalikauka kabla sijayafuta,
yakaacha mabaka meupe kama chumvi ya Bahi,
na lile neno lilikuwa bado pale,
limechorwa ndani ya rangi kwa mchanga na kidole,
sasa linasomeka hata kutoka barabarani.

Nikaipeleka kwa Chilongani, mpaka rangi wa Kizota.
Hakuitazama. Alivaa mfuko mtupu wa mkate mkononi
akaipapasa boneti, macho kayafumba,
kama mkunga.
"Sikiliza."
Nikasikia: krr, krr.
"Hilo ni vumbi lililohamia. Limepanga, na kodi halilipi."

Asubuhi, akasema, kivulini, bati likiwa la baridi.
Ndoo mbili: moja ya povu,
moja ya kusuuzia ulichokikosea.
Anzia juu, tope la miguuni lisipande kichwani.
Kisha pitisha udongo.
Udongo? Dodoma hii, nitoe udongo kwa udongo?
"Huu ni wa dukani, laini kama ugali wa mtoto.
Ukikuanguka, tupa.
Usiuokote ukaupuliza ukasema Mungu haoni."
Nikamuuliza juu ya nta ya nyuki,
ile shangazi huniletea kutoka Manyoni.
"Hiyo kapake visigino."

Jumamosi, alfajiri, nimejifunga khanga,
kompaundi kiasi cha punje ya harage,
naizungusha, naizungusha.
Kitambaa kikageuka buluu.
Moyo ukanidunda. Nikampigia simu.
"Ndiyo rangi yenyewe hiyo," akasema, anatafuna kitu.
"Ulidhani mng'ao unatoka wapi? Unapunguza.
Rangi ni maganda ya kitunguu, dada,
una mawili, labda matatu,
halafu bati, halafu kutu,
halafu mimi."

Nikawa mchoyo tangu hapo.
Nilisugua kama anayehesabu chenji.
NIOG ilifutika. ESHE ikabaki,
mkono umekufa ganzi, jua limekwishanikuta.

Kesho yake nikafika mlango wa dereva.
Pale chini ya dirisha, upana wa kiganja,
buluu imechujuka hadi inakaribia kuwa maziwa.
Kiwiko cha baba.
Miaka kumi na tisa ya kioo kilichoshushwa,
Kongwa, Mpwapwa, Hombolo, kukagua shule,
akisalimia watu kwa kidole kimoja
bila kupunguza mwendo.
Nilikuwa nimeshaitia sponji kompaundi.
Nikaiweka juu ya ndoo.
Nikakaa kwenye kigoda mpaka chai ikapoa.

Kusugua kungepaondoa,
naye alikuwa amekwisha kusugua vya kutosha.
Nikapaka nta tu, kwa ncha ya kitambaa,
nikangoja ikauke iwe ukungu,
nikaifuta taratibu
kama unavyogusa kovu la mtu aliyelala.

Leo upepo umerudi kutoka Ihumwa.
Haukujua kuna kazi iliyofanyika hapa.
Gari limeamka na vumbi jekundu, jepesi.
Nikamwaga maji, nusu ndoo,
yakajikunja yakawa shanga,
yakaokota vumbi njiani, yakateremka bila ugomvi.

Mbeho alikuwa kasimama kando na kidole chake,
anatafuta pa kuandika.
Nikampa sponji.
Nikamwonyesha kule nyuma: ESHE.