Kabati la Chipsi

Kabati hili la vioo tulilinunua Uyole,
la chipsi za Subilaga, miezi minne tu,
kabla mafuta hayajapanda bei na kuumeza mtaji.
Nimelisimamisha wima, kwa kuwa huyu ni wa kupanda.
Ndani nimeweka gome la mparachichi, lile lile tulilomkuta nalo
siku Mwakibete alipoangusha mti wake uliooza moyo,
akaacha shoka limenasa, akarudi nyuma hatua kumi
akiita jina la mama yake.

"Buibui," nilimwambia. "Buibui tu."

Buibui tu. Upana wa kiganja changu,
rangi ya jivu la kuni mbichi,
miguu ya mbele kama brashi za mpiga viatu rangi.

Aliyesema haraka haina baraka
hakuwahi kufungua mlango huu usiku.
Unamwona pale. Unapepesa. Pale hayupo.
Hakimbii huyu, anafutika,
kisha anaandikwa upya upande wa pili wa kioo,
na moyo wako ndio unaobaki ukikimbia kwa niaba yake.

Kanuni nazijua. Kibano kirefu.
Kopo la plastiki mkono wa kushoto.
Chumba kifungwe, kitambaa kizibe mwanya wa chini.
Maji kwenye kizibo cha soda, mende mmoja kwa wiki,
na mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi.
Hapo Subilaga hunikodolea macho, kikaango mkononi:
kumbikumbi wazima, unampa mdudu?

Mwaka jana niliisahau kanuni moja. Sitaitaja.
Alikipanda kibano kama mtu anayepanda ngazi ya kwake.
Kilianza kidole, likafuata kwapa,
kisha paja, ambalo hakuligusa,
misuli ikijifunga mafundo yenyewe usiku kucha,
siku tatu.
Zahanati nilisema nyuki.
Nesi Atupele akakigeuza kidole kwenye mwanga:
"Nyuki wa kwenu wana meno mawili?"

Sikumchukia. Sijui nilielezeje hili.
Aliniuma kama mlango unavyobana mkono
uliowekwa pasipo pake. Mlango hauna kinyongo.
Mwaka wa nne huu namlisha, na hanijui;
kwake mimi ni upepo unaokuja na mende.
Kuna siku hilo linanipumzisha.
Mji mzima unanijua, na wengi ninawadai au wananidai.

Julai, ukungu wa Tukuyu huingia bila hodi,
hukaa kwenye viti, hulowesha hata kiberiti.
Balbu ya kupashia chipsi sasa inampasha yeye.
Juzi, saa nane za usiku, umeme ukaisha kwenye luku,
simu haina salio, hakuna kibanda kilicho wazi.
Nikawasha jiko la mkaa sebuleni, dirisha nikaliacha wazi kidogo,
nikasogeza meza.
Nyuma ya gome niliona miguu miwili tu, imekunjwa.

Mlango wa chumbani ukalia.
Subilaga, na blanketi letu zito.
Hakuniangalia. Akalifunika kabati pande tatu, taratibu,
upande wa jiko akauacha.

"Vioo hupasuka kwa baridi," akasema.
"Kabati ni langu."

Akarudi kulala bila blanketi.