Siku ya Tatu

Nilianza kuwahesabu tangu Agosti,
kabla wenyewe hawajajua kama wameshinda:
vitanda mia na themanini na sita, mabasi manne,
mmoja asiyegusa karanga,
wawili waliotalikiana, wasiwekwe ghorofa moja.
Kampuni ni ya magodoro, kutoka Torreón,
bara kabisa, kwenye vumbi.
Nami hapa San José del Cabo
kazi yangu ni kuhakikisha bahari inafika kwa wakati.

Mkurugenzi alitaka machweo saa moja kamili,
baada ya hotuba, kabla ya kamba wa kukaanga.
Nikamwandikia: jua la Januari huku halingoji hotuba.
Akajibu neno moja: Lisogeze.
Nikaisogeza hotuba,
nikamwambia nimesogeza jua.
Akanishukuru sana.

Na Fermín wa karamu, tulivyobishana juu ya barafu!
Walitaka godoro la barafu, kilo mia mbili, katikati ya meza.
Fermín akaapa litasimama hadi saa tano usiku.
Saa tatu lilikuwa limebonyea katikati
kama lililolaliwa na mtu mzito asiyeonekana.
Watu wakapiga picha.
Mzee mmoja wa bohari alilia, sikumwuliza.

Mshindi wa kwanza aliitwa Casilda Arriaga.
Magodoro elfu moja na kumi na manne kwa mwaka,
nyumba kwa nyumba, sampuli begani.
Tulimpa chumba 611, baraza juu ya maji,
jina lake kwa herufi za sukari kwenye sahani.
Aliingia Alhamisi saa tisa mchana,
akatundika kile kikadi mlangoni: Usinisumbue.

Ijumaa boti ya nyangumi iling'oa nanga na kiti kitupu.
Ijumaa usiku jina lake liliitwa mara tatu;
makofi yakapigiwa kiti, kiti kikapigwa picha.
Nikapanda mwenyewe ghorofa ya sita.
Katika kazi hii unaogopa mengi,
na mgeni kufa ndani ya zawadi yake ni mojawapo.
Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja.
Alama ya mto shavuni, nywele zimesimama.
"Zimebaki siku ngapi, binti?"
Moja na nusu, señora.
"Zitanitosha."
Kisha, kwa kunong'ona: "Godoro hili si letu.
Usimwambie mtu."

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, jembe lilikuwa kwenye bahasha.
Nilizipanga mwenyewe kando ya kila sahani ya mayai,
upande wa kulia, upande wa mkono unaoshika mpini.
Lengo la mwaka mpya: asilimia kumi na nane juu.
Wakafungua pamoja, kama walivyoagizwa.
Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu wafike,
ukumbi mzima ulisikia mawimbi.

Bahasha ya Casilda ilibaki.
Utaratibu unasema ipitishwe chini ya mlango.
Niliinama nayo pale, goti kwenye zulia,
ndani akikoroma taratibu, bila deni la mtu.
Nikainuka, nikaitia mfukoni.

Jumapili, mabasi yakinguruma, alishuka na begi lake.
"Bahari iko upande gani?"
Nikamwonyesha, nyuma ya bwawa, nyuma ya miavuli.
Akaitazama kama mtu anayesubiri lifti,
akaibonyeza kwa macho, huku na huku,
akasema, "Ngumu kidogo," akapanda.
Nilimkabidhi bahasha dirishani gari likiondoka.
Sijivunii hilo.

Jioni nilijaza ripoti.
Chumba 611, kiwango cha kuridhika kwa mgeni:
nikaandika, Alilala.
Ofisi ya Torreón imeirudisha.
Wanataka namba.