Ya Ndani Kwanza

Saa kumi na mbili na robo, mwezi wa Julai,
na ukungu wa Barabara ya Lunga Lunga haujaamua
kama ni ukungu au ni moshi wa viwanda.
Kompresa yangu bado imelala.
Bi Moraa ameshafika.

Huja mapema makusudi. Ameendesha
nusu kilomita tu kutoka uga wa kanisa anakoegesha,
taratibu, kama abebaye maziwa yaliyojaa pomoni,
kwa kuwa nilimwambia mwaka jana, naye akashika:
tairi iliyopoa ndiyo husema kweli.
Ya mchana, iliyotoka kuchomwa na lami,
hujisifu kwa pauni zisizo zake.

Nyumba yake ni Canter kuukuu.
Zamani ilibeba kabichi kutoka Kinangop.
Sasa ina kitanda, jiko la gesi, pazia la maua,
rafu ya vitabu iliyofungwa kwa mipira ya tyubu niliyompa,
na tangi la maji la lita mia mbili
ambalo kila mara husahau kunitajia.

"Za mbele hazinisumbui," asema. "Nipimie za nyuma."
Za nyuma ni nne, pacha wawili kila upande,
bega kwa bega chini ya kitanda chake.
Ya nje kila mtu huiona:
mpita njia huipiga teke, mbwa huiinulia mguu,
askari huinama akaikagua meno.
Ya ndani haina shahidi.

Basi naanza nayo. Napiga magoti juu ya gunia,
napenyeza mkono kwenye tundu la rimu hadi kiwiko,
naitafuta valvu kwa vidole
kama mtu anayetafuta kitasa usiku, watoto wamelala.
Geji inakohoa mara moja.
Kulia ndani, themanini. Kulia nje, themanini.
Kushoto ndani...
nafuta kioo kwa shati, napima tena...
arobaini na nne.

Naye hakuhisi kitu. Nani angehisi?
Gari limesimama wima, halikuinama hata kwa unywele.
Mzigo wa mwenzio, wanasema, ni kanda la usufi.
Aliyesema hakuwahi kuwa tairi ya nje,
iliyopanda kutoka Naivasha wiki nzima iliyopita
na zigo lake na la nduguye,
tangi, vitabu, kitanda, na Bi Moraa mwenyewe akiimba.
Namulika tochi katikati yao:
mbavu zimesuguana mpaka zinang'aa.

"Wodini," asema, amejikunyata ndani ya leso,
"pacha wa kwanza akilia, chumba kizima kilishangilia.
Mimi macho yangu yalibaki tumboni."

Natema mate kwenye kirefusho cha valvu. Povu.
Kimepasuka shingoni, ufa mwembamba kama uzi.
Naweka kipya, cha chuma, nakifunga na kifuniko chake,
maana kifuniko si pambo.
Kompresa inaamka na kulalamika, mtaa mzima unajua.
Sabini. Sabini na sita. Themanini. Basi.

Anatoa rungu chini ya kiti, anaigonga ya ndani,
anatega sikio kama kwenye kifua cha mgonjwa.
"Sasa inalia vizuri."
Namwambia rungu hujua iliyokufa na iliyo hai,
halijui iliyo mgonjwa. Geji, mama, nunua geji.
Na ukishuka Magadi, jua likiipandisha juu,
usije ukaipunguza upepo kwa huruma.
Ngoja alfajiri. Pima hapo.

Anabishania bei, kisha ananilipa zaidi,
kisha anarudi kuchukua chenji.

Jua halijafika kwenye mabati
lori la saruji linapoegesha, dereva anaruka chini,
anaitandika teke tairi ya nje, anapiga mwayo.
"Ziko sawa hizi. Niuzie chai tu."
Nachukua gunia langu.