Risasi

Kibandani Makupa, Mselem hufungua redio za watu,
waya wa lehemu kaubana kwa meno
kwani mikono Mungu kampa miwili tu.
Moshi wapanda mwembamba, wamwingia puani;
"Harufu ya riziki," husema, akipenga kamasi.
Saa nne hula mahamri kwa mbaazi,
vidole vya kijivu. Bomba li mbali.

Jioni Rukiya humrukia, hunyonya kifungo cha shati.
Mwaka wa sita huu, alifu bado yamponyoka.

Daktari kasoma karatasi ya damu:
"Ni risasi."
Mselem akampapasa mwana mgongo, akitafuta tundu.
"Mbona sikusikia mlio?"

Siku hizi shati hulala nje, msumarini.
Rukiya anyoosha mikono.
Ngoja, mama. Nanawa.